Alama za magurudumu Maasai Mara: nani hasa anaingiza gari nyasini?

Ukitazama picha za Maasai Mara zilizopigwa kutoka angani, kinachovuta jicho kwanza si mto wala nyumbu. Ni mistari. Mistari ya rangi ya udongo inajipinda katikati ya nyasi, inaachana, inakutana tena, na mahali pengine mitano au sita inakwenda sambamba kana kwamba kila gari lilijichorea yake. Barabara rasmi ni chache. Mistari mingine mingi imeachwa na magari ya watalii yaliyotoka njiani kumfuata mnyama, au kukwepa tope.

Nakichambua kisa hiki kwa sababu husimuliwa nusu. Kila msimu wa nyumbu, picha za magari yaliyomzingira duma husambaa, watu hukasirika, madereva wawili watatu huadhibiwa, halafu nyumbu wakirudi Serengeti hasira nazo hutulia mpaka mwaka ujao. Lawama yote humwangukia dereva. Dereva ana makosa yake, sikatai. Lakini mwondoe leo, umweke mwingine kwenye kiti kilekile, kwa malipo yaleyale na wageni walewale, na kesho asubuhi utalikuta gari nyasini. Tatizo limeanzia mbali na usukani.

Mahali penyewe

Maasai Mara ilianza mwaka 1948 kama eneo dogo la hifadhi, kilomita za mraba 520 tu, magharibi mwa mto Mara. Mwaka 1961 mipaka ilipanuliwa kuvuka mto kuelekea mashariki, na usimamizi ukawekwa mikononi mwa baraza la Narok. Baadaye sehemu fulani iliondolewa, na leo hifadhi ina kilomita za mraba 1,510. Ng'ambo ya mpaka, Serengeti ina 14,763. Kwa hiyo nyumbu kwa mamia ya maelfu wanapopanda kaskazini kati ya Julai na Oktoba, wanaingia mahali ambapo ni kama moja ya kumi ya walikotoka. Watalii wa msimu huo nao wanabanana mle mle.

Jambo la pili ni nani mwenye mamlaka. Mbuga za taifa kama Tsavo na Nakuru ziko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Mara haiko huko. Ni hifadhi ya Kaunti ya Narok. Tena si moja kwa usimamizi: pembetatu ya magharibi, kati ya mto na ukingo wa Oloololo, maarufu kama Mara Triangle, imekuwa ikiendeshwa tangu 2001 na Mara Conservancy, shirika lisilotafuta faida lililopewa kazi hiyo kwa mkataba. Upande wa mashariki wa mto unaendeshwa na kaunti yenyewe. Kuizunguka hifadhi kuna hifadhi za jamii kwenye ardhi ya Wamaasai, kila moja na kanuni zake. Nyasi ni zilezile, wanyama ni walewale, lakini sheria zinabadilika unapovuka mto au mpaka. Kwa mchambuzi hilo ni jambo la thamani, maana linatuwezesha kulinganisha. Nitalirudia.

Jinsi njia inavyozaliwa

Sehemu kubwa ya nyanda za Mara ina ule udongo mweusi wa mfinyanzi. Fundi yeyote wa ujenzi Kenya anaujua: usipouchimba na kuutoa kabla ya kumwaga msingi, kuta zitapasuka. Ukinywa maji hufura, ukikauka husinyaa na kufanya nyufa ambazo unaweza kutumbukiza mkono. Wakati wa kiangazi ni mgumu kama saruji. Baada ya mvua moja ya alasiri hugeuka kinamo kinachoshika gurudumu na kujaa katika kila mfereji wa tairi mpaka tairi linakuwa laini kama mpira wa mchezo.

Fikiria Land Cruiser iliyojaa wageni ikikatiza nyasi asubuhi ya siku iliyofuata mvua. Uzito wa tani tatu unashuka kupitia sehemu nne ndogo. Nyasi zinalala, lakini hilo si kubwa. Nyasi za Mara zimezoea kulala. Lililo kubwa liko chini. Vitundu vidogo vya hewa ambavyo maji hupitia kushuka kwenye mizizi vimebanwa vikafungwa. Gari linaacha mifereji miwili yenye kina cha kiganja, kuta zake zimesuguliwa zikang'aa. Jua likitoka, mifereji hiyo inaoka na kuwa migumu. Mvua inayofuata haizami humo. Inakusanyika na kutafuta pa kushukia. Kama pana mteremko, hata ule ambao macho hayauoni, maji yanaanza kukimbia kwenye alama za tairi na kubeba udongo wa juu, na huo ndio wenye mbegu na mbolea. Baada ya misimu kadhaa unakuta korongo dogo, na ukiwauliza watu lilianzaje, hakuna anayekumbuka kwamba palikuwa na simba chini ya mti.

Sasa dereva wa pili anafika. Anaona mifereji imejaa maji, anaogopa kukwama na wageni ndani, anapita pembeni. Wa tatu anapita pembeni mwa wa pili. Ndivyo njia moja inavyopanuka ikawa uwanja. Hapa hakuna anayemfuata mnyama. Uharibifu mwingi wa msimu wa mvua ni wa watu wanaotaka tu kufika kambini, kwa sababu barabara rasmi haina kifusi wala mtaro na imekuwa bwawa. Ukitaka kupunguza alama nyasini, tingatinga na malori ya changarawe kabla ya mvua za Machi vitafanya kazi kubwa kuliko mabango.

Kuna hoja ambayo madereva wengi huitoa, na inastahili kujibiwa kwa heshima: nyumbu milioni nzima wanakanyaga nyasi hizi kila mwaka, gari langu ni nini? Kwato za nyumbu kweli hukanyaga, tena vibaya. Lakini kwato huchimba vishimo vilivyotawanyika, hupasua ukoko wa juu na kuacha samadi, kisha kundi linaondoka kwa miezi mingi na nyasi zinapumzika. Tairi linachora mstari usiokatika, linabana badala ya kupasua, linaelekeza maji, na linarudi kesho, na keshokutwa, mwaka mzima. Na hata nyumbu wenyewe, pale wanapopita kwa mstari mmoja miaka nenda rudi, huacha vijia vinavyoonekana. Ubaya uko katika kurudia palepale bila kupumzisha.

Wanaochunguza athari za watu na magari porini wameliona hili sehemu nyingi duniani: mapito machache ya kwanza ndiyo yenye madhara makubwa zaidi, na yanayofuata juu ya alama ileile huongeza kidogo kidogo. Maana yake ni kwamba magari ishirini yakifuata mkondo mmoja, tumepoteza mkondo mmoja. Yakitawanyika kila moja na wake, tumepoteza ishirini. Ndiyo maana ile tabia ya adabu ya kutofuata alama ya mwenzako ili "usiharibu zaidi" inaumiza ardhi, isipokuwa mahali ambapo magari ni machache sana na nyasi zinapata muda wa kujirudi.

Walio chini ya nyasi

Tukisema nyasi zimeharibika, wengi huona rangi tu. Humo nyasini ndimo wanamolala watoto. Mtoto wa swala tomi, siku za mwanzo za maisha yake, hakimbii adui. Anajilaza chini, shingo imenyooka ardhini, hata sikio halichezi. Mbinu hiyo imewaokoa wengi kutoka kwa fisi. Mbele ya tairi haina maana yoyote. Kuna ndege wengi wa tambarare ambao hutaga kwenye kishimo kisicho na hata unyasi mmoja, mayai yenye rangi ya udongo. Dereva mwenye macho makali kuliko wote hawezi kuyaona kutoka kwenye kiti, hasa akiwa anamtazama chui.

Mnyama tunayemjua vizuri zaidi katika suala hili ni duma, na hapa tuna takwimu. Mtafiti Femke Broekhuis alifuatilia duma majike katika eneo la Mara kati ya 2013 na 2017, na matokeo yakachapishwa 2018. Katika maeneo yenye watalii wachache, kila uzao ulitoa kwa wastani watoto 2.3 waliofikia umri wa kujitegemea. Katika maeneo yenye watalii wengi, wastani ulikuwa 0.2. Isome tena kwa namna nyingine: mama kumi wa duma wakizaa mahali penye magari mengi, kwa pamoja watalea watoto wawili. Wakizaa mahali patulivu, watalea ishirini na watatu.

Inawezekanaje, ikiwa magari hayamgusi? Duma ni mwepesi lakini dhaifu. Simba na fisi humnyang'anya mawindo na kuua watoto wake, kwa hiyo amejifunza kuwinda mchana, wale wakiwa wamelala. Na mchana ndio wakati wetu. Akiinuka kunyatia swala, magari yanainuka naye. Injini zinawaka, vumbi linatimka, moja linakwenda kusimama mbele ili wageni wapate picha ya uso, na swala anageuza kichwa. Mawindo yamekwenda. Akikosa leo na kesho, maziwa yanapungua. Akifanikiwa, duara la magari linamwonyesha fisi aliye mbali kwamba kuna jambo, na pia humzuia mama kuona hatari inayokuja. Wakati wa utafiti huo yalionekana magari mpaka 30 yamemzunguka duma mmoja. Dunia nzima ilikadiriwa kuwa na duma 7,100 hivi waliobaki, kwa hesabu iliyotolewa mwishoni mwa 2016. Hatuna watoto wa kupoteza kwa ajili ya picha.

Kiti cha dereva

Sasa tupande garini. Tangu Julai 2024, mgeni kutoka nje ya Afrika Mashariki hulipa dola 200 kuingia Mara kati ya Julai na Desemba, na tiketi ni ya saa 12. Gari lenye wageni sita limelipa dola 1,200 kwa siku moja kabla gurudumu halijagusa kitu. Juu yake kuna ndege, kambi, chakula. Wageni hao wamekaa kiti cha nyuma wakijua wanaondoka kesho. Wameahidiwa nini na aliyewauzia safari? Ameweka picha ya duma juu ya boneti, au simba anayetazama kwenye lenzi kutoka hatua tatu. Hakuna tangazo la safari lenye picha ya duma aliye mita mia mbili, ingawa ndivyo duma mwenye amani anavyoonekana.

Mshahara wa madereva wengi ni mdogo. Wanaoweza kuzitunza familia zao kwa mwaka mzima ni wale wanaopata bakshishi nzuri miezi minne ya msimu. Bakshishi huja mwisho wa safari, na hupimwa kwa alichokiona mgeni. Redio inalia: duma yuko mahali fulani, ana watoto. Dereva anayejali anafika, anaegesha barabarani, anawaeleza wageni kwa nini hawasogei. Kisha wanaona gari la kampuni nyingine likipinda, likaingia nyasini, likasimama hatua kumi kutoka kwa mnyama, na hakuna kilicholipata. Mgeni mmoja anauliza, kwa upole kabisa: mbona wale wameruhusiwa? Hapo dereva mwaminifu anaadhibiwa kwa uaminifu wake, hadharani, mbele ya wanaomlipa. Ukimfanyia hivyo mara kadhaa kwa msimu, atapinda na yeye. Hili ndilo jambo ambalo kila mtu aliyekaa na madereva wa safari atakwambia, na ndilo linalonifanya nisiridhike na hotuba za kuwahimiza wawe na maadili. Wengi wao wana maadili. Kuna mafunzo na mitihani ya waongoza watalii Kenya, shaba, fedha na dhahabu, na waliopita ngazi hizo wanaijua ikolojia ya Mara kuliko wengi wetu tunaowasema.

Mto mmoja, kanuni mbili

Sasa ule ulinganisho. Upande wa Mara Triangle kanuni ziko wazi: magari yasizidi matano kwa mnyama mmoja, kama wengine wanasubiri kila gari hupewa dakika kumi, umbali usipungue mita 25, na penye shughuli nyingi hakuna kutoka barabarani. Kanuni kama hizi zimeandikwa upande wa mashariki pia. Tofauti iko kwa askari. Triangle ina doria zinazofika kwenye mkusanyiko wa magari, zinahesabu, zinaondoa waliozidi, na mkosaji hutozwa au hutolewa hifadhini. Pia shirika hilo hutoa taarifa za kila mwezi zinazosema waziwazi kilichofanyika. Eneo lake ni kama theluthi ya hifadhi nzima, na barabara zake hutengenezwa. Si kwamba hapana msongamano, maana msimu wa nyumbu pia huko kuna siku za aibu. Lakini dereva anayeingia Triangle anajua anaonwa, na hilo hubadilisha mazungumzo ndani ya gari. Anaweza kumwambia mgeni, "Nikiingia pale tutafukuzwa," na mgeni anaelewa. Sheria inayosimamiwa humpa dereva mwaminifu kisingizio. Hicho ndicho anachokihitaji kuliko semina.

Kwenye hifadhi za jamii hali ni tofauti tena, na inapingana na wanaodhani dawa ni kupiga marufuku tu. Ardhi ya mashamba ya vikundi kama Koiyaki ilipogawanywa na kila mwanachama kupata hatimiliki, wenye vipande vilivyopakana walikubaliana kuviunganisha na kuvikodisha kwa kambi za watalii, wakilipwa kodi kila mwezi. Olare Orok ilianza 2006 kwa kanuni iliyokuwa ngumu kumeza wakati ule: hema moja kwa kila ekari 700. Mara North na Naboisho zikafuata. Humo gari huruhusiwa kuingia nyasini. Lakini wanaoingia ni wageni wa kambi za humo tu, na idadi ya vitanda imefungwa na ekari, kwa hiyo idadi ya magari imefungwa pia. Mwenye ardhi ni Mmaasai anayechunga ng'ombe wake kwenye nyasi hizohizo kwa zamu. Akiona zinaharibika ana sauti na ana mkataba.

Hapo ndipo nilipofikia hukumu yangu. Idadi ya magari kwa eneo ndiyo inayoamua, na kanuni ya barabara inakuja baada yake. Ukiwa na magari machache, hata kosa la dereva linasameheka na nyasi. Ukiwa na mamia asubuhi moja, hata magari yote yakitii, barabara zenyewe hazitoshi na wanyama hawana pa kupita. Ushahidi wa hilo uko mtoni. Nyumbu wakijikusanya ukingoni kuvuka, magari hujipanga upande wa pili mpaka yanaziba vijia vya kupandia. Julai 2025 ilikuwa zamu ya Serengeti: video kutoka Kogatende ilionyesha watalii wameshuka magarini, wamesimama ukingoni, na nyumbu wanapita katikati yao kwa hofu. Serikali ya Tanzania ikaahidi hatua. Ilikuwa nchi nyingine na mamlaka nyingine, lakini msongamano ni uleule.

Kinachowezekana kufanywa

Narok haikosi mpango. Mpango wa usimamizi wa Maasai Mara wa 2023 hadi 2032 unaeleza tatizo hili bila kuficha, pamoja na kusitisha ujenzi wa malazi mapya ndani ya hifadhi. Kupandisha kiingilio kulikuwa sehemu ya fikra hiyo: wachache walipe zaidi. Naunga mkono kusitisha vitanda. Kuhusu kiingilio nina wasiwasi, kwa sababu bei ya juu kwa saa 12 bila kikomo cha magari inaweza kuongeza haraka garini. Aliyelipa dola 200 kwa siku moja anataka kuona kila kitu siku hiyo. Kikomo cha magari kwa siku katika miezi ya Julai hadi Oktoba, na nafasi ikatwe mapema kama tiketi ya ndege, kingefanya kazi ambayo bei peke yake haiwezi. Kaunti itasema mapato yatapungua, na hoja hiyo si ndogo. Hifadhi hii hubeba sehemu kubwa ya mapato ya ndani ya Narok, na mapato hayo ndiyo hulipia basari na zahanati.

La pili, adhabu imfikie mwenye gari. Kampuni ambayo magari yake yamekamatwa nyasini mara kadhaa katika msimu izuiwe kuingia kwa muda, na jina lake litangazwe. Leo dereva hulipa faini kutoka mfukoni mwake, na ofisi inayomtuma Nairobi inaendelea kuuza picha ya duma juu ya boneti. Siku ofisi itakapopoteza wiki moja ya Agosti, maagizo kwa madereva yatabadilika kwa simu moja.

Nawe unayekwenda Mara, na siku hizi Wakenya na majirani zetu tunakwenda kwa wingi, una nguvu kuliko unavyodhani. Zungumza na dereva asubuhi, kabla hajawasha gari. Mwambie mbele ya wenzako wote kwamba hamtaki atoke barabarani, kwamba mmeridhika na darubini, na kwamba bakshishi yake imeshatengwa, duma aonekane au asionekane. Kisha, mkifika penye mkusanyiko na mkakuta magari yamejaa, wewe ndiye uwe wa kwanza kusema twende.